Pande Tatu, Karani Mmoja

4 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla hujafika mstari wa pili, nakuomba: barua hii usimsomee mtu, usiiache mezani, usiifungie maandazi. Ukimaliza ichome, na majivu uyamwagie maji. Najua unacheka. Cheka, lakini ichome. Niliapa mbele ya mkuu wangu, mkono juu, kwamba neno la Barazani halitatoka kinywani mwangu. Nina miezi saba tu kazini na bado sijathibitishwa.

Sijawahi kukueleza kazi yangu hasa ni ipi. Nilikwambia "naandika", ukaridhika. Baraza la Kazi lina pande tatu: serikali, waajiri na wafanyakazi. Kila fani ina chama kimoja tu, na cheti cha chama hutolewa na serikali. Chenye cheti ndicho kinachoketi mezani. Asiye na cheti hana kiti, na asiye na kiti hana mdomo. Basi pande ni tatu, lakini karani ni mmoja, ndiye mimi. Hotuba ya serikali naiandika mimi. Majibu ya waajiri nayaandika mimi. Malalamiko ya wafanyakazi nayo naandika mimi, na mara nyingi naandika kwamba hayapo.

Muhtasari wa kikao cha Alhamisi huwa tayari tangu Jumanne. Mara ya kwanza nilishangaa, nikamuuliza Mkuu wangu, mama mpole asiyekunywa ila maji ya moto. Akaniambia, "Mwanangu, tukingoja waseme kwanza, tutaandika lini?" Katibu wa chama chenu cha ngozi hapa ofisini tunamwita Tumeafikiana, kwa kuwa ndilo neno lake la kuingilia na la kutokea.

Sasa nifike kwenye lililonikosesha raha. Jana nimeandika hivi: "Kiwanda cha ngozi, sehemu ya chokaa: upande wa wafanyakazi hauna lalamiko, glavu zimetolewa." Nimeshaweka nukta ndipo nikakumbuka kwamba sehemu ya chokaa ni wewe.

Ni kweli glavu zimetolewa?

Nijibu kwa sanduku la posta la nyumbani. Ofisini usithubutu.

Mdogo wako, karani.


12 Machi

Mdogo wangu msomi,

Marahaba. Barua sikuichoma. Njiti ya kiberiti hainishikiki vidoleni, na hapo umeshapata jibu lako la glavu.

Mwandiko huu unaousoma si wangu. Anayeniandikia ni mama mmoja mjane, yuko chumba cha kukunja ngozi kavu, kwa hiyo vidole vyake bado vinapinda. Hutuandikia sote: barua za watoto walio shuleni, za waume waliopotea, maombi ya ruhusa. Tunamwita Mwandishi. Usianze kutetemeka, huyu ni kaburi. (Ni kweli. Mimi ni kaburi. Mwandishi.)

Glavu zilikuja jozi kumi na mbili. Tukavishwa, tukapigwa picha. Mpiga picha ananiambia, "Mama, tabasamu basi, mbona kama umefiwa?" Nikatabasamu. Glavu zikavuliwa, zikarudi stoo, na stoo ina kufuli. Mimi ngozi zangu nazitoa tangini kwa mikono mitupu. Maji ya chokaa huanza kwa kuwasha, kisha yanachimba. Kucha mbili za mkono wa kulia zimekwenda. Huyo Tumeafikiana wako alikuja mwezi uliopita, akapanda juu ya kreti, akatuambia nchi ni mwili mmoja: serikali kichwa, waajiri mikono, na sisi sote ni viungo, kiungo hakigombani na kiungo. Mwenzetu mmoja, mama wa mapacha, akauliza toka nyuma, "Na sisi wa chokaa ni kiungo gani, mheshimiwa?" Mtu akamjibu, "Ngozi! Huoni tunavyoloweshwa?" Tulicheka mpaka nyapara akapuliza filimbi.

Lakini kicheko hakioti kucha. Tunataka chama chetu, hata kikiwa cha watu wa chokaa peke yao. Sheria inaruhusu? Wewe ndiye uliyelala na vitabu. Niandikie hatua kwa hatua. Woga wako uache hukohuko, sina pa kuuweka.

Dada yako.


16 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimesikitika kwamba kuna mtu wa tatu kati yetu. Mwambie mama huyo simjui na hanijui.

Ile hotuba ya mwili na viungo niliiandika mimi. Sikujua ingesomwa wapi.

Chuoni tulikuwa na mwalimu aliyetufundisha kwamba kuna nchi ambako vyama huota kama uyoga, vikagombana na kuuana, na kuna nchi ambako dola hupanda chama kimoja kwa kila fani, ikakimwagilia yenyewe na kukipogoa yenyewe, kisha ikakaa nacho mezani na kuita hali hiyo maelewano. Alituuliza kwenye mtihani mti uliopandwa hivyo unamzalia nani matunda. Nilipata alama sabini na nane. Nadhani nilijibu vizuri kwa sababu sikumfahamu hata mtu mmoja aliyekaa chini ya mti huo.

Sheria inaruhusu, ila kwa mlango mwembamba. Kifungu cha kumi na tisa kinasema wafanyakazi wasiopungua ishirini wa sehemu moja wanaweza kuomba usajili wao, wakithibitisha kwamba chama kilichopo hakiwawakilishi. Fomu nimeiweka humu. Jazeni kila kitu: jina kamili, namba ya kazi, sehemu, saini au dole gumba. Msiache nafasi hata moja wazi. Fomu isiyo na namba za kazi hurudishwa, nimeziona nyingi zikirudishwa, watu wakaanza upya na moyo ukawa umeshapoa.

Anayeipokea ni Msajili. Msajili ni mtu wa serikali, si wa waajiri. Kwa sheria yenyewe ilivyoandikwa, sioni hatari.

Mdogo wako.


30 Machi

Mdogo wangu,

Imejaa, na leo nimeiposti kwa Msajili, Barazani kwenu! Ulisema ishirini, tumepata thelathini na mmoja. Mwandishi alikaa na fomu yako siku tatu, kila chakula cha mchana, akiandika jina moja baada ya jingine kwa ule mwandiko wake wa cherehani, ulionyooka kama mshono. Yeye jina lake halimo, maana si wa chokaa. Aliomba tumwandike hivyohivyo, nikamkatalia, nikamwambia mdogo wangu hataki makosa kwenye fomu.

Bibi yetu wa tangi la nne, aliyebakiza miezi tisa kustaafu, aliweka dole gumba mara mbili kwa sababu mara ya kwanza halikutoa alama yoyote. Chokaa imelifuta. Tulilisugua wino mpaka likakubali.

Mama wa mapacha aliuliza, "Karatasi hii inapita mikononi mwa nani?" Wote wakanigeukia. Nikasema, inapita mikononi mwa mdogo wangu. Basi akashika kalamu akatia saini, na waliokuwa wamesimama pembeni nao wakasogea. Ni jina lako lililowaleta. Nataka ulijue hilo, ulale vizuri.

(Hongera, karani. Una dada. Mwandishi.)

Dada yako.


5 Aprili

Dada,

Shikamoo. Fomu imefika. Nimeipiga muhuri wa kupokelewa na kuipa namba. Imekwenda inakotakiwa kwenda, kwa utaratibu wa ofisi.

Hapa tuna kazi nyingi. Labda nisiandike kwa muda. Jitunze mikono. Ukiona mabadiliko yoyote kazini, usishangae sana, na usimjibu mtu kwa hasira.

Mdogo wako.


13 Aprili

Wewe,

Naandika mwenyewe, ndiyo maana mwandiko umelewa. Kalamu nimeifunga kwa kitambaa.

Jumatatu tumeitwa ofisini kwa nyapara mmojammoja. Wa kwanza mimi. Wa pili mama wa mapacha. Wa tatu, wa nne, mpaka wa thelathini na mmoja, kwa mpango uleule tuliojipanga kwenye fomu. Alikuwa na karatasi, akiipiga tiki. Nilipoinama kidogo nikaliona lile dole gumba la bibi, lile lililopakwa mara mbili. Sikuambiwa na mtu. Nililiona.

Tuliwekewa barua iliyochapwa tayari. Ukitia saini, umejitoa kwenye fomu na umeomba radhi, unarudi tangini. Usipotia, geti lile pale. Ishirini na wawili wametia. Siwalaumu, wana watoto. Tisa tumetoka. Bibi naye ametoka, na miezi tisa yake. Nilimwambia, "Bibi, tia saini ukale pensheni." Akasema, "Dole lenyewe si uliona lilivyo gumu kutoka? Nililiweka mara mbili, sasa wanataka la tatu?"

Aliyetuuza tumemjua. Ni Mwandishi. Nani mwingine aliishika fomu siku tatu? Nani mwingine ana majina yote na namba zote? Na nani peke yake hakuitwa ofisini? Nilimfuata mwenyewe. Akaniambia, "Mimi niliandika tu." Nikamwambia mbele ya watu, "Anayeandika tu ndiye anayeuza tu." Sasa bombani akifika, ndoo zake zinarukwa. Mlango wake umepakwa chokaa. Hakuna anayemwendea tena kuandikiwa barua, na ulikuwa mkate wake wa pembeni.

Wewe uko ndani. Uliza karatasi ile ilifikaje kiwandani. Sitaki maelezo ya sheria. Nataka jina la mtu, nilipeleke bombani.

Dada yako.


17 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nimeichana barua hii mara nne. Naomba uisome ukiwa peke yako.

Jina ulilotaka ni langu.

Utaratibu wetu ni huu: waraka wowote ukiingia masijala, karani hutoa nakala tatu siku hiyohiyo. Moja ya serikali, moja ya waajiri, moja ya chama. Zinatiwa kwenye majalada ya rangi tatu na tarishi anazipeleka kabla ya saa kumi. Nimeshatoa mamia. Nilipokuandikia kwamba fomu inapokelewa na Msajili, nilikuwa nasoma sheria, na sheria ndivyo isemavyo. Barua za Msajili hupitia masijala yetu. Hilo nalo nalijua kama nijuavyo njia ya chooni. Ila nilikuwa na kitabu mkononi, nikajibu cha kitabuni.

Fomu yenu ilipofika nikaiweka kwenye mtoto wa meza. Ikakaa siku mbili. Siku ya tatu Mkuu akapitia daftari la nyaraka. Akaniuliza, "Mia na kumi na nne ninayo, mia na kumi na sita ninayo. Mia na kumi na tano iko wapi?" Nikaitoa. Nikamwambia, "Mama, na hii nayo tunatoa nakala? Ina majina ya watu." Akaitazama, akanitazama. "Kwani hii ina pembe? Pande tatu hazifichani kitu, mwanangu. Siku ukianza kuuficha upande mmoja, utatu wenyewe umekufa." Hakusema kwa ukali. Alinisogezea kikombe cha maji ya moto.

Nikasimama kwenye mashine. Ningeweza kusema hapana. Nilifikiri juu ya barua ya kuthibitishwa kazini ambayo ilikuwa juu ya meza yake, haijatiwa saini. Mashine ikapita mara tatu. Majina yenu yalitoka meusi, yanasomeka vizuri sana, hasa kwa ule mwandiko wa cherehani.

Kuna jingine. Muhtasari wa kikao kilichofuata niliuandika mimi, Jumanne. "Upande wa waajiri umeeleza hatua za nidhamu zitakazochukuliwa. Upande wa serikali hauna pingamizi. Upande wa wafanyakazi umeridhia." Alhamisi wakaja, wakakaa. Tumeafikiana akasema neno lake, wakanywa chai. Nilikuwa nikiamini pande tatu maana yake ni watu watatu wanaovutana kamba, kila mmoja na ncha yake. Lakini mimi ndiye mwandishi wa wote watatu, na katika miezi minane sijawahi kuwaandika wakibishana.

Mwandishi wenu hana kosa. Waambie hivyo. Lakini nakuomba, dada, usiisome barua hii mbele yao. Sema umepata habari kwa mtu tu. Ikitoka kwa mwandiko wangu nafukuzwa na kushitakiwa kwa kiapo nilichoapa.

Barua ya kuthibitishwa nimeipata juzi.

Mdogo wako.


26 Aprili

Karani,

Nimekusoma. Kisha nikakaa siku sita.

Sikukaa kwa ajili yako. Siku ya kwanza nilitaka kuja hapo kwenu nikuburute kwa tai. Siku ya pili nikaanza kupiga hesabu zangu. Nikienda bombani nikasema si Mwandishi, wataniuliza, "Basi ni nani?" Nikisema ni mtu wa Barazani, mama wa mapacha atasema, "Barazani si kwa mdogo wako? Si ndiye uliyetuambia inapita mikononi mwake?" Waliweka saini kwa jina lako, na jina lako niliwapa mimi. Hao wanane wenzangu ndio tunaokula pamoja sasa, tunachangiana unga, tunalindiana watoto. Wakinitoa, sina pa kwenda.

Nikaenda kwa Mwandishi peke yangu. Mlango bado mweupe. Nilimwambia kila kitu. Alikuwa anashona kifungo, hakuinua kichwa. Akaniuliza, "Umeshawaambia?" Nikasema bado. "Utawaambia lini?" Nikausogelea mlango. Akakata uzi kwa meno, akasema, "Basi na mimi sijakusikia. Ukipita, nifungie mlango, upepo unaleta vumbi."

Nikamfungia mlango, nikaondoka. Nimepita bombani jana, ndoo yake ikarukwa, mimi nipo palepale, na ndoo yangu ndiyo iliyoingia nafasi yake. Nikaijaza.

Kwa hiyo usidhani nakuandikia nikiwa juu yako. Damu ni moja, na sasa naona hata ugonjwa ni mmoja. Tukisema, tumekwisha mimi na wewe. Tukinyamaza, amekwisha yeye, na nasikia anauza vyombo ahame kabla ya mwezi wa sita. Wewe ndiye uliyesoma. Niambie la kufanya, na usiniambie kwamba sheria hairuhusu.

Dada yako.


2 Mei

Mama Mwandishi,

Shikamoo. Mimi ni yule karani. Uliwahi kunipa hongera pembeni mwa barua ya dada, nami sikukurudishia salamu. Nilisema sikujui.

Dada yangu hajui kwamba nakuandikia. Nimemjibu kwamba bado nafikiri. Ningemwambia, angenizuia, na mimi huzuilika kwa urahisi.

Barua hii ni mali yako. Ipeleke bombani, au mwite anayesoma kwa sauti kubwa kuliko wote, aisome mbele ya wale tisa na wale ishirini na wawili. Iseme hivi: fomu ya watu wa chokaa ilipelekwa kiwandani na mimi, karani wa Baraza la Kazi, mdogo wake yule aliyeongoza orodha. Nilitoa nakala tatu kwa mkono wangu, nikijua mmoja wa wapokeaji ni mwajiri wao. Kabla ya hapo niliwaandikia kwamba hakuna hatari, na ni mimi niliyewaambia wasiache hata namba moja. Mama anayekunja ngozi kavu aliandika alichoombwa kuandika na hakumpa mtu kitu.

Humu ndani nimeweka ukurasa wa daftari la nyaraka, namba mia na kumi na tano. Mtaona tarehe, majina ya waliopelekewa, na saini yangu. Nimeukata kwa wembe leo mchana, Mkuu akiwa ameenda kuongeza maji ya moto. Wataukosa Ijumaa, siku ya ukaguzi wa daftari, na hawatakuwa na haja ya kuuliza nani ameukata.

Juu ya dada, naomba waambiwe na hili. Kosa lake ni kuniamini, na baadaye kuogopa. La kwanza nililitaka mwenyewe. La pili amelirithi kwangu, ingawa yeye ndiye mkubwa. Najua nikisema hivi nimempeleka tena mbele ya watu bila ruhusa yake, kama nilivyofanya mwanzo. Sikuona njia ya kukutoa wewe bila kumgusa yeye. Nimetafuta. Wakimkasirikia, labda wewe unaweza kumfungulia mlango. Sikuombi, nasema labda.

Glavu hazitakuja kwa sababu ya barua hii, wala kazi zao hazitarudi. Nisingependa mtu aniandikie sifa.

Watataka kuniona. Nawaeleza njia. Mpaka Ijumaa nipo ofisini, jengo la Baraza, ghorofa ya pili, chumba cha mwisho kushoto, saa mbili hadi saa kumi. Kwa mlinzi msiseme mnakuja Barazani, atawauliza upande gani na kuwapa fomu. Semeni mnamtaka karani. Kuanzia Jumamosi nitakuwa nyumbani, kama sijachukuliwa. Ni nyuma ya karakana ya fundi viatu, chumba cha uani, mlango wa bati wa kijani, hauna namba. Mje hata wote thelathini na mmoja, uani panatosha. Gongeni kwa nguvu. Mtu akibisha huwa nazima redio na kukaa kimya mpaka aondoke, ni tabia yangu ya siku nyingi. Msiondoke. Gongeni mpaka nifungue.

Karani.